Sentensi Moja ya Saa ya Ukumbini: Uchambuzi wa Usaili wa Tamthilia ya Mauaji Bustanini

Kisa chenyewe ni hiki. Kundi la maigizo la watu wanaojitolea baada ya kazi zao liliamua kuandaa tamthilia ya mauaji na upelelezi majira ya joto, katika bustani ya nyumba ya zamani, bila paa na bila vipaza sauti. Wahusika walikuwa wanane, na waliojitokeza kwenye usaili walikuwa wengi kupita nafasi hizo. Mzozo haukuzuka juu ya mpelelezi wala muuaji, nafasi ambazo kila mtu huzitamani. Ulizuka juu ya mtunza nyumba, mhusika mwenye maneno machache kuliko karibu wote. Mama mmoja mwenye uzoefu mrefu wa jukwaa, ambaye kwa kipaji aliwapita wote waliokuja, aliikosa nafasi hiyo. Ikaenda kwa binti anayefundisha watoto kuogelea, ambaye hakuwahi kuigiza popote.

Kuna waliosema mama yule hakutendewa haki, na wapo wanaosema hivyo hadi leo. Mimi nilikuwa upande wa wasikilizaji siku zile, nimepewa karatasi na kalamu. Naamini uamuzi ulikuwa sahihi, ingawa namna ulivyotangazwa ilikuwa mbaya.

Sentensi iliyobeba tamthilia

Onyesho limekwisha, kwa hiyo hakuna ubaya kufichua siri. Mwenye nyumba anakutwa amekufa maktabani baada ya chakula cha jioni. Washukiwa ni wanne, na muuaji ni mpwa wake. Katika sehemu ya pili mpelelezi anamuuliza mpwa alikuwa wapi watu walipoondoka mezani. Anajibu kwa utulivu kwamba alipita ukumbini akielekea chumbani kwake, ila hawezi kutaja wakati kamili kwa sababu saa kubwa ya ukumbini ilikuwa imesimama. Ni jibu linaloaminika. Mtu anayekiri kwamba hajui ilikuwa saa ngapi huonekana mkweli kuliko anayetaja dakika.

Lakini muda mrefu kabla ya hapo, katika sehemu ya kwanza, mtunza nyumba akihesabu sahani amesema hivi: "Ile saa ya ukumbini ilikuwa imesimama tangu asubuhi, nikaitia ufunguo kabla ya chakula." Ikiwa ilitiwa ufunguo kabla ya chakula, basi baada ya chakula ilikuwa inatembea, na mpwa hakupita ukumbini wakati anaoudai. Uongo wake wote unaporomoka hapo. Hakuna alama za vidole, hakuna barua iliyochanwa, hakuna shahidi wa dirishani. Kuna sentensi hiyo tu, nayo inasemwa mara moja.

Mwaka 1929 Ronald Knox, padri wa Kikatoliki wa Uingereza aliyekuwa pia mwandishi wa hadithi za upelelezi, aliandika kanuni kumi za hadithi za aina hii. Ya nane inamkataza mpelelezi kugundua kidokezo ambacho msomaji hakuonyeshwa papo hapo. Kanuni hiyo iliandikwa kwa ajili ya vitabu, ambako msomaji aliyepitwa na mstari hufungua tena ukurasa wa nyuma. Mtazamaji wa bustanini hana ukurasa wa kurudia. Kidokezo kisichofika safu ya mwisho ni sawa na kidokezo kilichofichwa, na watu wa safu hiyo wakifika mwisho wa mchezo huona wamedanganywa na mwandishi, wakati walilipa ili wadanganywe na muuaji.

Hapo ni nusu ya ugumu. Nusu nyingine ni kwamba sentensi hiyo isikike lakini isishtukiwe. Mwigizaji akinyamaza kidogo kabla ya kuitamka, au akiwatazama watazamaji akishaitamka, nusu ya bustani itakuwa imemjua muuaji kabla ya mapumziko. Mtunza nyumba anatakiwa asikike na kila mtu na asitiliwe maanani na yeyote. Katika tamthilia nzima sioni kazi nyingine ngumu kiasi hicho, na ndiyo sababu mwongozaji alianza usaili wake hapo, kwa mhusika ambaye makundi mengi humwachia yeyote aliyebaki.

Ukumbini, kisha bustanini

Usaili wa kwanza ulifanyika ndani, kwenye ukumbi wa mazoezi wenye kuta tupu na dari ya mbao. Kila aliyekuja alisoma kipande alichojiandalia, kisha akapewa ukurasa asioujua asome papo hapo. Mama yule alichagua maneno ya mjane anayekunja nguo za marehemu. Alisema kwa sauti ya chini sana, karibu ya kunong'ona, na hakuna aliyekohoa wala kusogeza kiti mpaka alipomaliza. Msimamizi wa jukwaa alifuta machozi mbele ya watu. Kwa usiku ule nafasi yoyote aliyoitaka angepewa, na angestahili.

Binti wa kuogelea hakujiandaa vizuri. Alisoma kipande cha kuchekesha ambacho hakikumchekesha mtu, akapoteza mstari, akaomba radhi, akaanza upya. Jambo moja tu lilimfanya mwongozaji aandike jina lake: mlango wa nyuma ulipofunguliwa na kelele za barabarani zikaingia, wengine walisita au walipandisha sauti, yeye aliendelea vilevile na kila neno lilisikika.

Mwongozaji aliwaita tena karibu nusu yao, safari hii bustanini, jioni, saa ileile ambayo onyesho lingeanza. Wapo walioona huo ni usumbufu bure: watu wamekwisha kusikika, vipaji vimekwisha kuonekana, kwa nini warudi kusimama juani? Kwa maoni yangu uamuzi huo ndio uliookoa tamthilia.

Penye hewa wazi, kila umbali unapoongezeka maradufu sauti hupungua kwa takribani desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Mazungumzo ya kawaida yana kama desibeli 60 mita 1 kutoka mdomoni. Mita 2 yanabaki 54, mita 4 ni 48, mita 8 ni 42, na mita 16, pale ilipopangwa safu ya mwisho, ni 36. Majani yanayotikiswa na upepo mdogo yanaweza kufikia kiwango hicho na kukipita. Ukumbini kuta na dari huirudisha sauti kwa msikilizaji, ndiyo maana mnong'ono wa mama yule ulifika kila kona. Bustanini sauti ikishapita haina kinachoirudisha, isipokuwa kama kuna ukuta wa nyumba nyuma ya mwigizaji, na hata huo unamsaidia akiwa karibu nao tu.

Tatizo la sentensi yetu lilikuwa baya zaidi ya hapo. Nguvu nyingi ya usemi imo kwenye irabu. Konsonanti zina nguvu kidogo, hudumu muda mfupi, na ndizo zinazozama kwanza kwenye kelele za majani na magari. Sasa tazama maneno mawili yanayoamua nani muuaji: "kabla" na "baada". Yote mawili yamejengwa juu ya irabu moja ileile, a. Ukiziondoa k, b, l na d, anachobaki nacho mtu wa safu ya mwisho ni "a-a ya chakula", na hapo anajaza mwenyewe. Akijaza "baada", mpwa anakuwa mkweli na hadithi nzima haina maana.

Kwa nini wasitumie vipaza sauti? Swali hilo liliulizwa, na jibu la mwongozaji lilinitosha. Kipaza sauti kinachovaliwa mwilini hupokea upepo na msuguo wa nguo pamoja na sauti. Tena spika zikiwa mbili, moja kila upande, sauti za watu wote hutoka mahali palepale. Wahusika wanane wakiwa wamesimama kwenye nyasi, mtazamaji aliye mbali hajui nani amesema nini mpaka aone mdomo unaocheza. Katika mchezo wa mapenzi anaweza kuvumilia. Katika mchezo wa upelelezi, kujua nani amesema nini ndiyo kazi yenyewe aliyokuja kuifanya.

Karatasi mbili

Mwongozaji alipanga wasikilizaji wawili. Mmoja alikuwa mimi, safu ya mwisho, niandike sentensi ya saa kama nilivyoisikia, bila kukisia. Nikikosa neno niache nafasi. Wa pili alikuwa mtu asiyeijua tamthilia kabisa, aliyekaa katikati. Kila onyesho dogo lilipokwisha aliulizwa kwanza: "Umekumbuka nini?" Kisha, kama hakuitaja saa mwenyewe: "Na ile saa ya ukumbini?"

Anayefaa alikuwa yule ambaye karatasi yangu ina sentensi kamili, na msikilizaji wa katikati haitaji saa mpaka aulizwe, halafu akiulizwa anajibu sawasawa. Nimeona njia nyingi za kuchagua waigizaji, nyingi zikitegemea hisia ya mwongozaji na nani anafahamiana na nani. Hii ilipima kile hasa ambacho watazamaji wangehitaji.

Alitangulia bwana mmoja mwenye sauti nzito. Nafasi ya mtunza nyumba ilikuwa wazi kwa mwanamume au mwanamke. Aliamini kwamba nje ni mahali pa kupaza sauti, basi akapaza. Karatasi yangu ikabaki na "saa", "ufunguo" na "chakula", na mapengo katikati. Mtu akipiga kelele irabu ndizo zinazokua. Konsonanti hubaki palepale na kumezwa. Na msikilizaji wa katikati, kabla hata hajaulizwa, alisema: "Kuna habari ya saa pale, ni muhimu, sivyo?" Sentensi haikufika na siri ilikuwa imevuja.

Mama akafuata. Nilitamani afaulu, sitaficha hilo. Aliingia na sinia la sahani, na mara moja tulimwona mwanamke aliyechoka na nyumba ile kwa miaka ishirini. Mwendo wake, namna alivyoinua sahani moja akaitazama ufa, vyote vilikuwa kweli tupu. Alipofika kwenye saa, sauti ilishuka kama ya mtu anayejisemea, na kwenye neno "kabla" hasa akainamisha kichwa kuweka sahani. Niliandika: "nikaitia ufunguo baada ya chakula." Wakati ule niliamini kabisa kwamba ndivyo alivyosema.

Mwongozaji alipoiona karatasi hakumwambia kosa. Alimwambia: "Mama, naomba uirudie, safari hii weka sahani ukishamaliza kusema." Mama akajibu, "Sawa, mwanangu," akarudia. Sauti ilifika. Lakini ili ifike ilibidi asimamishe mikono, na alipoisimamisha sentensi ikawa tangazo. Msikilizaji wa katikati aliitaja saa jambo la kwanza. Mara ya tatu alirudia njia ya mwanzo, na karatasi yangu ikawa na pengo. Uigizaji wake wote umejengwa juu ya kumvuta mtazamaji aje kwake, asogee, ategee sikio. Ni namna nzuri sana ya kuigiza na inahitaji kuta.

Binti wa kuogelea alihesabu sahani kama mtu aliyetumwa kuhesabu sahani. Hakuwa na miaka ishirini ya uchovu mwilini, na umri wake ulionekana. Lakini alisema sentensi nzima uso ukiwa mbele, mikono ikifanya kazi yake bila yeye kuitazama, na kichwa kikageuka baada ya neno la mwisho. Sauti haikupanda. K ya "kabla" ilisikika, b na l zilisikika. Mtu anayefundisha watoto kwenye bwawa lenye mwangwi, maji yakirushwa na wengine wakilia, hujifunza kwamba kupiga kelele hakusaidii. Husema polepole kidogo, hukata maneno vizuri, na huwa amemaliza kabla hajageuka. Karatasi yangu ilikuwa na sentensi nzima. Msikilizaji wa katikati alipoulizwa anakumbuka nini alitaja sahani iliyopungua. Alipoulizwa kuhusu saa alisema, "Ah, hiyo aliitia ufunguo kabla ya kula," kama jambo lisilo na uzito wowote.

Mwongozaji alimjaribu mara kadhaa zaidi, upepo ukiwa umeongezeka, na matokeo hayakubadilika sana.

Washukiwa wasiojua

Upande wa washukiwa kulikuwa na somo lingine, ingawa halikuleta ugomvi. Hakuna aliyeambiwa nani muuaji. Wote walisoma mahojiano yaleyale na mpelelezi, na wengi walifanya kile ambacho mtu hufanya akisikia neno "mshukiwa": macho ya pembeni, kusita, kumeza mate, tabasamu la nusu mdomo. Mita 16 nyuma tabasamu la nusu mdomo halionekani. Kinachoonekana ni mtu anayechelewa kujibu, na akichelewa kila mara mchezo unakuwa mzito na washukiwa wote wanne wanafanana.

Mwongozaji akamwambia kila mmoja kwa siri, kabla hajasoma, ama "wewe huna hatia" ama "wewe ndiye uliyeua". Kisha akatazama nini kinabadilika. Kijana aliyepata nafasi ya mpwa, alipoambiwa ameua, hakubadilisha uso wala sauti. Alianza kumsikiliza mpelelezi. Aliacha kutazama ukurasa wakati mwenzake anasema, akawa anapima kila swali linaelekea wapi, na jibu lilikuja haraka zaidi, tayari limeandaliwa. Niliona hilo kutoka nyuma, nikashangaa kwamba kusikiliza kunaonekana kwa mbali kuliko woga.

Mbinu hii ina mfano mkubwa nje ya kundi letu. Charles Dickens alikufa mwaka 1870 akiwa hajamaliza riwaya ya The Mystery of Edwin Drood, na mwaka 1985 Rupert Holmes aliigeuza mchezo wa muziki ambao watazamaji wenyewe hupiga kura kumchagua muuaji. Ulionyeshwa kwanza majira ya joto mwaka huo, nje kabisa, kwenye jukwaa la Delacorte katika Central Park, New York, kabla ya kuhamia Broadway Desemba. Katika mchezo kama huo mwigizaji anapanda jukwaani bila kujua kama usiku ule ataitwa muuaji. Macho ya pembeni hayamsaidii. Anachohitaji ni sababu zake mwenyewe za kuficha jambo, na karibu kila mtu anazo, awe ameua au hakuua.

Mpelelezi alipatikana kwa urahisi: mtu mwenye kumbukumbu nzuri, pumzi ndefu na magoti yanayoweza kusimama jioni nzima. Sina la kuongeza.

Jua, nyasi na fomu

Yapo mambo ambayo usaili wa ndani usingeyaonyesha kamwe. Jua la jioni lilishuka nyuma ya viti vya watazamaji, kwa hiyo waigizaji walilitazama usoni. Wawili walikunja macho muda wote, na mmoja alijikinga kwa mkono akiwa katikati ya maneno yake. Jukwaa likageuzwa robo siku ileile, jambo ambalo lingegunduliwa wiki ya mwisho lingevuruga mpango wote wa mienendo. Binti mmoja mzuri sana aliyesomea nafasi ya mchumba alizama kisigino kwenye nyasi na karibu aanguke. Aliyeleta maleba akaandika: viatu vya kisigino kipana. Bwana mwingine alivalishwa koti zito la mpelelezi, akasoma kurasa tatu, akaomba maji. Ni vizuri kujua hayo mapema, kwa sababu mtu anayezimia kwa joto hazimii kwa ratiba.

Fomu ya usaili iliuliza tarehe za mazoezi na za maonyesho, lakini haikuuliza tarehe za akiba. Huo ni upungufu mkubwa kwa onyesho la nje. Mvua ikinyesha onyesho linasogezwa, na mwigizaji aliyeahidi siku tatu anaweza kuwa safarini siku ya nne. Swali hilo lilikuja baadaye, wakati majina yamekwisha kuchaguliwa, na mtu mmoja ikabidi aache nafasi yake. Mtu asiulizwe tu "unaweza tarehe hizi?" Aulizwe pia "ikinyesha, utakuwapo?"

Jambo jingine lililozua maneno ni kwamba usaili wa bustanini ulikuwa wa wazi. Waliokuwa wakisubiri zamu walikaa kwenye viti kama watazamaji. Wapo walioona ni kudhalilishana. Mimi naona ilisaidia kwa njia mbili. Kwanza, bustani yenye watu ina mikohozo na viti vinavyosogea, na usaili ulikuwa karibu zaidi na usiku wenyewe. Pili, kila mtu aliona kwa nini nani kachaguliwa. Mwaka 1977 huko Kamiriithu, Kenya, Ngũgĩ wa Thiong'o na wenzake walifanya usaili na mazoezi mahali pa wazi, wanakijiji wakitazama na kusema maoni yao, na aliandika baadaye kwamba uwazi huo ulikuwa sehemu ya kuifanya kazi kuwa ya watu. Tamthilia ya mauaji haiwezi kuwa wazi kiasi hicho, maana siri ikitoka kwenye usaili itafika sokoni kabla ya tiketi. Mwongozaji alilitatua hilo kwa kutumia kurasa za sehemu ya kwanza peke yake. Waliokaa kwenye viti walisikia habari ya saa mara nyingi na hakuna aliyejua ina kazi gani.

Kikao cha kuamua

Kikao kilikuwa cha watu wanne na kilichukua muda mrefu kuliko usaili wenyewe. Msimamizi wa jukwaa alimtetea mama kwa maneno ambayo siwezi kuyapuuza. Alisema kundi la watu wanaojitolea halina mshahara wa kulipa, lina heshima tu. Mtu aliyeshona maleba, aliyefagia jukwaa, aliyecheza nafasi ndogo bila kunung'unika miaka yote hiyo, akija kuomba nafasi moja anayoipenda, kumnyima ni kumwambia kwamba yote yale hayakuhesabiwa. Aliongeza kwamba sauti hufundishika, na mazoezi yalikuwa bado wiki nyingi.

Mwongozaji alijibu kwamba sauti hufundishika kweli, ila hapa hakuna aliyekosa sauti. Kilichotakiwa kubadilika ni namna nzima ya mama ya kuigiza, ile ya kumvuta mtazamaji, na kumnyang'anya hiyo ili acheze nafasi ya sentensi moja ni kumpotezea kipaji chake. Akapendekeza nafasi ya dada wa marehemu. Dada huyo hana kidokezo hata kimoja. Ana huzuni kubwa, ana onyesho refu kwenye benchi lililo mita chache kutoka safu ya mbele, mgongo ukiwa kwenye ukuta wa nyumba, na linakuja mwishoni, giza likiwa limeingia, ndege wamenyamaza, magari yamepungua na watu wamekwisha kuzoea kusikiliza. Mnong'ono una nafasi yake katika bustani, mradi upewe mahali na saa.

Hoja hiyo ilinishinda kabisa, na iliwashinda wengine. Sehemu ya kwanza ya onyesho la nje ndiyo yenye kelele nyingi kuliko zote: watu bado wanatafuta viti, watoto wanaulizana, mwanga ni wa mchana na macho hayajui pa kutazama. Nayo ndiyo inayobeba vidokezo vyote. Kwa hiyo wale wenye maneno yanayokata wanatakiwa mwanzoni, na wale wenye kina cha hisia wanafaidi mwishoni. Mwandishi wa tamthilia ya nje angefanya vyema kulijua hilo akiwa bado anaandika.

Suala la umri wa binti lilijadiliwa haraka. Mtunza nyumba kijana anawezekana. Sentensi moja iliyomtaja kuwa mzee ilifutwa.

Tangazo

Hapa ndipo ninapolaumu. Kikao kilikwisha usiku, na mtu mmoja akatuma orodha ya majina kwenye simu za wote waliosailiwa, bila neno jingine. Orodha ilimtaja mama mbele ya nafasi ya dada wa marehemu, nafasi ambayo hakuiomba wala hakuisomea. Mama alijua asubuhi, jirani yake alipompigia simu akimsifu binti kwa kuchaguliwa. Kwa saa kadhaa aliamini amepewa huruma. Waliomwambia "wamekuonea" walimfikia kabla ya mwongozaji, na kazi ya kueleza sababu ikawa kazi ya kujitetea.

Sababu zilikuwepo, tena nzuri, zimeandikwa kwenye karatasi. Mwongozaji alipokwenda nyumbani kwake siku iliyofuata alizibeba. Alimwonyesha sentensi yangu yenye "baada", na mama, ambaye ameijua kazi hii kuliko sisi sote, aliisoma, akanyamaza, kisha akauliza benchi litakuwa umbali gani kutoka kwa watu. Alikubali nafasi. Lakini hakuhudhuria mazoezi ya kwanza, na binti alinuniwa na baadhi ya wenzake kwa kosa ambalo halikuwa lake.

Simu mbili usiku ule, moja kwa mama na moja kwa binti, kabla orodha haijatoka, zingezuia karibu yote hayo. Waliokosa kabisa walistahili pia kuambiwa mtu mmoja mmoja, kwa sababu walikuja mara mbili, wakasimama juani, wakasoma kurasa za watu wengine. Mmoja wao, yule bwana wa sauti nzito, alijitolea kuwa mwelekezaji wa watazamaji langoni, na nafikiri alifanya hivyo kwa sababu mwongozaji alikutana naye njiani kwa bahati akamweleza ana kwa ana. Wengine hawakurudi. Kundi likiandaa usaili mwingine, hilo ndilo ningetaka libadilishwe kwanza, kabla ya fomu ya tarehe za mvua na kabla ya mpangilio wa viti.